Dereva na Kondakta

Wazee wetu walisema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Aghalabu methali hii huelezwa kwa habari ya riziki: atembeaye huenda akaokota kitu njiani, naye akaaye haokoti. Katika insha hii nataka, msomaji wangu, tuitazame kwa habari ya kitu kingine ambacho mtembezi hukiokota bila kujua, nacho ni kinga ya mwili wake mwenyewe.

Uzito wa jambo lenyewe waujua. Maradhi ya korona yalipoingia Kenya katika mwezi wa Machi mwaka wa 2020, shule zilifungwa, na kila nyumba yenye mzee iliingiwa na hofu. Maradhi yale yaliwashika vijana na wazee, lakini ulimwenguni kote wazee ndio waliokufa kwa wingi. Huenda ulikuwa mdogo wakati ule, ukaambiwa usimsogelee babu wala nyanya. Kwa nini kirusi kimoja kimwachie mjukuu homa ya siku mbili, na kimwangushe nyanya yake kabisa? Je, umri peke yake ndio sababu, au liko jambo ambalo mwanadamu hulitenda au huacha kulitenda, nalo likahesabiwa juu yake uzeeni? Swali hili lina historia, na sehemu moja ya historia hiyo ilipita mahali ambapo hapana angepatazamia, yaani katika ngazi za basi.

Kwamba mwendo na kazi ya viungo hufaa afya, hiyo si habari mpya. Galen, tabibu Myunani wa karne ya 2 aliyewahi kuwatibu wapiganaji wa michezo ya Kirumi, aliandika kitabu kidogo cha kusifu mazoezi ya mpira mdogo. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka wa 980 na kufa mwaka wa 1037, aliweka katika kitabu chake kikubwa cha utabibu milango ya mazoezi ya viungo, na mlango wa namna ya kuwatunza wazee. Hao walikuwa watu wa hekima, na waliandika waliyoyaona. Lakini hekima isiyohesabiwa ni kama deni lisiloandikwa daftarini: kila mtu aweza kulikana. Ilipita miaka mingi sana kabla mtu hajatwaa kalamu na kuhesabu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waganga wa Uingereza waliona jambo lililowatia wasiwasi. Wanaume wa makamo, wenye kazi na jamaa wa kuwalisha, walikuwa wakianguka ghafula kwa ugonjwa wa moyo, na idadi yao ilizidi kukua. Sababu haikujulikana. Daktari mmoja aliyeitwa Jerry Morris, aliyezaliwa Liverpool mwaka wa 1910 na kulelewa Glasgow, alidhani kwamba huenda sababu imefichika katika kazi aifanyayo mtu kutwa. Mwaka wa 1949 yeye na wenzake walianza kukusanya habari za wafanyakazi wa namna nyingi, na miongoni mwao walikuwamo watumishi wa mabasi ya London.

Mabasi yale yalikuwa ya orofa mbili, na kila basi lilikuwa na watu wawili wa kazi. Dereva alikaa mbele, mikono juu ya usukani. Kondakta alipita kati ya abiria akikusanya nauli na kutoa tiketi, chini kisha juu, juu kisha chini, tangu mwanzo wa zamu hata mwisho. Watu hawa wawili walikuwa wa tabaka moja. Walivaa sare za shirika moja, na walivuta hewa moja ya mji uliojaa moshi. Tofauti yao kubwa ilikuwa hii: mmoja aliketi, na mwingine alipanda ngazi. Kondakta alipanda vidato baina ya 500 na 750 katika siku moja ya kazi. Wazia hapo, msomaji: ni kama mtu apandaye kilima kila siku, bila kutoka ndani ya basi.

Hesabu ilihusu wanaume wapatao 31,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1953 katika jarida la waganga liitwalo The Lancet. Ilionekana kwamba makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva. Kwamba wale waliopatwa, walipatwa wakiwa na umri mkubwa zaidi. Na kwamba ugonjwa wenyewe haukuwaua upesi kama ulivyowaua madereva. Morris akawatazama na watumishi wa posta. Wapeleka barua, waendao kwa miguu na kwa baiskeli, walikuwa na nafuu kuliko makarani wenzao walioketi mezani. Habari ikawa ile ile.

Hapa, msomaji, simama kidogo, wala usikubali upesi. Mwanafunzi mzuri wa historia huuliza: je, haiwezekani kwamba wanaume wazito kwa asili yao walichagua kuendesha, na wepesi wakachagua kupanda ngazi? Ikiwa ni hivyo, basi ngazi hazina sifa yoyote. Zilipokea tu watu waliokuwa wazima tangu mwanzo. Wakosoaji waliuliza hivyo hivyo, na Morris mwenyewe hakulipuuza swali. Shirika la mabasi liliwapa watumishi wake sare, nalo lilikuwa limeandika vipimo vyake. Morris na wenzake wakavitafuta vipimo vya suruali, na mwaka wa 1956 wakatangaza waliyoyapata: viuno vya madereva vilikuwa vipana kuliko vya makondakta, hata miongoni mwa vijana. Kwa hiyo shaka ilikuwa na haki yake. Walakini walipowalinganisha dereva na kondakta wa kiuno kimoja, mwembamba kwa mwembamba na mnene kwa mnene, bado kondakta alikuwa na nafuu. Unene ulieleza sehemu ya jambo, wala haukulieleza lote.

Swali lile la uchaguzi lihifadhi moyoni, kwa maana tutalikuta tena mbele.

Tumezungumza juu ya moyo, nasi tuliuliza habari za kinga. Moyo ni pampu. Haupigani na wadudu wa maradhi. Wapiganao ni chembe nyeupe za damu. Katika wakati wa Morris waganga walijua kwamba chembe hizo zimo, lakini hawakujua vizuri zafundishwa wapi kazi yao. Nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo, kuna kiungo laini kiitwacho tezi ya thaimasi. Kwa mtoto tezi hii ni kubwa. Kwa mtu mzima hunywea, na mahali pake pakajaa mafuta. Kwa kuwa hunywea hivyo, wataalamu wengi waliidhani kuwa kitu kisicho na kazi, mabaki tu ya utoto.

Mwaka wa 1961 daktari kijana, Jacques Miller, aliyekuwa akifanya utafiti Uingereza, aliitoa tezi hiyo katika panya wadogo waliozaliwa karibuni. Kwanza panya wale walikua kama wenzao. Baadaye wakaanza kudhoofika na kushikwa na maradhi, na chembe nyeupe za aina moja zilikuwa haba katika damu yao. Walipobandikwa ngozi ya panya wa ukoo mwingine, miili yao haikuikataa, ambapo mwili mzima hukataa kitu kigeni kama mwenye nyumba amkataavyo mwizi. Miller akafahamu kwamba thaimasi ni chuo. Humo chembe changa hufundishwa kutambua kilicho cha mwili na kilicho cha mgeni, kisha hutoka zikiwa askari. Leo chembe hizo huitwa chembe za T, na herufi hiyo imetokana na jina la tezi yenyewe.

Sasa twaweza kuona kwa nini mzee yumo hatarini. Chuo chake cha askari kimefungwa milango mingi. Askari wa zamani bado wapo, nao wawakumbuka adui wa zamani. Lakini adui mpya akija, waliofunzwa karibuni ni wachache. Virusi vya korona vilikuwa adui mpya kwa kila mtu. Kijana alikuwa na askari wapya wa kuwapeleka vitani. Mzee alikuwa na wachache. Kwa muda mrefu ilisadikiwa kwamba kunywea huko ni amri ya umri tu, kama mvi.

Mwaka wa 2018 njia hizi mbili za historia, ya ngazi na ya tezi, zilikutana. Wataalamu wa Birmingham na London, akiwamo Profesa Janet Lord, walichapisha uchunguzi wa waendesha baiskeli 125 wenye umri wa miaka 55 hadi 79. Watu hao hawakuendesha kwa mshahara, bali kwa kupenda, na walikuwa wamedumu katika desturi hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yao ya utu uzima. Ili mwanamume akubaliwe katika uchunguzi, ilimpasa aweze kwenda kilomita 100 kwa muda usiozidi saa sita na nusu. Na mwanamke kilomita 60 kwa muda usiozidi saa tano na nusu. Damu yao ililinganishwa na damu ya wazee wazima wa afya wasiokuwa na desturi ya mazoezi, na damu ya vijana wasiofanya mazoezi.

Wazee waliokaa walionyesha waliyoyatazamia wataalamu: thaimasi zao zilitoa chembe chache sana za T. Lakini waendesha baiskeli walikuwa na chembe mpya kutoka katika thaimasi kwa wingi uliolingana na wa vijana. Kadhalika, kemikali moja inayoilisha tezi hiyo ilionekana kwa wingi zaidi katika damu yao. Ukweli watupasa kusema na upande wa pili: si kila kitu kilihifadhika. Chembe zilizochakaa, zile ambazo hujilimbikiza katika damu kadiri umri unavyokwenda, zilikuwamo kwao kama zilivyokuwamo kwa wazee wengine. Baiskeli haikuufuta uzee. Iliirudisha nyuma sehemu yake moja, nayo ni sehemu kubwa.

Na sasa lile swali letu larudi. Huenda waendesha baiskeli wale walizaliwa na nguvu, nao waliweza kuendesha hata miaka ya sabini kwa sababu walikuwa wazima, wala si kwamba walikuwa wazima kwa sababu waliendesha. Kulijibu swali hili kuna njia moja iliyo bora kuliko nyingine zote: watu wasichague wenyewe, bali wapigiwe kura. Kura haimjui mvivu wala hodari.

Jaribio la namna hiyo lilikuwa limekwisha kufanywa. Mwaka wa 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walieleza habari za wazee 144 wasiokuwa na desturi ya mazoezi, ambao wastani wa umri wao ulikuwa karibu miaka 70. Waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuuendesha moyo na pumzi kwa muda wa miezi 10. La pili lilifanya mazoezi mepesi ya kunyosha viungo na kusimama imara. Wote walichanjwa chanjo ya mafua. Wiki chache baada ya chanjo, makundi yale yalikuwa karibu sawa kwa kinga. Lakini zilipotimia wiki 24, kinga ilikuwa imedumu katika watu wengi zaidi wa kundi la kwanza, kwa aina mbili kati ya tatu za mafua zilizokusudiwa na chanjo ile.

Yatafakari hayo, msomaji. Wazee wale hawakuwa wakimbiaji tangu ujanani. Walianza wakiwa na miaka sitini, sabini na zaidi, na miezi kumi ilitosha kuifanya chanjo yao idumu. Angalia pia kwamba mazoezi hayakuchukua mahali pa chanjo, yaliisaidia. Mtu akwambiaye kwamba mkimbiaji hahitaji sindano wala hospitali, huyo amesoma nusu ya ukurasa.

Pengine wauliza, mguu wahusianaje na tezi iliyo kifuani? Mambo matatu yajulikana. La kwanza, mtu aanzapo kutembea kwa kasi, chembe nyeupe nyingi zilizokuwa zimetulia kando huingia katika mkondo wa damu, kisha huenea mwilini, mfano wa walinzi walioamshwa kwenda doria. La pili, misuli ifanyapo kazi hutoa kemikali zake yenyewe, nazo husafiri kwa damu na kuvifikia viungo vya mbali. La tatu, mafuta yakizidi tumboni huutia mwili moto mdogo wa ndani usiozimika, kama makaa yaliyofunikwa kwa jivu, na moto huo huichosha kinga. Mazoezi huyapunguza mafuta hayo, na kuupoza moto huo.

Umekwisha kuona jinsi maarifa haya yalivyopatikana. Hayakushuka siku moja kutoka kwa mtu mmoja. Wahenga waliona, Morris akahesabu, wakosoaji wakashuku, vipimo vya suruali vikatoa ushahidi, panya wakafichua siri ya tezi, waendesha baiskeli wakatoa damu yao, na wazee wa Illinois wakakubali kupigiwa kura. Na katika hesabu ile ya kwanza, mashahidi walikuwa watu wa kazi za kawaida, ambao majina yao hayamo vitabuni. Kondakta wa London hakujua kwamba kila kidato alichokipanda kiliandika sentensi katika historia ya utabibu.

Sasa nataka kusema nawe habari za kiti. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na umri wangu umepita miaka thelathini. Nilipokuwa mwanafunzi kama wewe, mama yangu alikuwa akiniambia nisome kwa bidii ili siku moja nipate kazi ya kukaa. Alisema hivyo kwa mapenzi, kwa kuwa yeye alikuwa amechoka. Alikwenda mtoni, alikwenda shambani, alikwenda sokoni, na vyote alivichukua kichwani. Mimi sikusifu mzigo ule, wala simwambii mtu kwamba taabu ya mama zetu ilikuwa dawa. Kazi inayomvunja mtu mgongo humzeesha. Lakini dua yake ilijibiwa vizuri kuliko alivyotazamia. Nimekipata kiti. Asubuhi nakaa garini, mchana nakaa ofisini, jioni nakaa nikisahihisha madaftari, na kidato changu cha pekee ni cha mlango wa nyumba. Nilipoisoma habari ya dereva na kondakta, nilijiuliza mimi ni yupi kati yao, na jawabu halikunipendeza.

Wewe nawe waendea huko. Shule inakuandaa kwa kiti, na ni haki yako kukitamani, kwa maana wengi waliokutangulia walikinyimwa. Walakini kiti kina deni lake, nalo halidaiwi mapema. Ukiwa na miaka kumi na sita, mwili wako unakukopesha bila kuuliza. Thaimasi yako bado yafanya kazi, na homa ikija leo yaondoka kesho. Deni huja kudaiwa baada ya miaka hamsini, nalo hudaiwa kwa siku moja, siku ambayo adui mpya hubisha hodi.

Malipo ya deni hili si makubwa. Mwaka wa 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Na watu wazima, pamoja na wazee, wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri katika juma. Dakika 150 ni kama nusu saa kwa siku tano. Hapahitaji uwanja wala viatu vya bei. Panahitaji njia, na mtu aliyeazimu. Na ukienda nyumbani wakati wa likizo, mchukue babu au nyanya, kwa mwendo auwezao, mkatembee pamoja hadi kwa jirani na kurudi. Hapo mtakuwa mmelipa deni mbili kwa safari moja.

Katika mabasi ya London ya leo, kondakta yule wa kupanda na kushuka hayupo tena. Abiria hulipa nauli bila yeye. Kazi nyingi ulimwenguni zimekuwa hivyo: ngazi zimeondolewa, viti vimebaki. Yeye alizipanda ngazi kwa sababu aliajiriwa kuzipanda. Sisi hatuna atuajiriye kwa kazi hiyo, ila akili zetu wenyewe.

Na Morris je? Aliyaamini maneno yake mwenyewe. Alidumu katika mazoezi hata uzeeni, na alikufa mwaka wa 2009, akiwa na umri wa miaka 99. Najua kwamba mtu mmoja si ushahidi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuhesabu maelfu. Basi usitembee kwa ajili ya umri wake. Tembea kwa ajili ya hesabu yake, nawe uanze leo, maadamu ngazi zingali ni nyepesi kwako.